Sufuria ya Sita

Kiwandani walimwita Mama Sikio, na si kwa sababu alipenda umbea. Kazi yake ilikuwa kugonga sufuria. Miaka ishirini na mitatu alisimama kwenye meza ile ile, kando ya mlango wa ghala, na kijiti chake cha mti mgumu mkononi, na kila sufuria iliyotoka kwenye mashine ilipita mbele yake. Aligonga mara moja ubavuni, mara moja kitakoni, akasikiliza. Bamba zito likikunjwa vizuri hutoa sauti nene inayokaa hewani. Bamba jepesi hulia kama linalalamika, na lenye ufa halilii kabisa, linakohoa tu. Iliyofaulu aliigongea alama yake chini ya kitako, nyota ndogo kwa kichuma cha chapa, na bila nyota hiyo sufuria haikuingia ghalani hata kama bosi mwenyewe ameibeba kichwani.

Shida ni kwamba sokoni hakuna aliyeuliza habari za nyota. Sokoni zilijaa sufuria kutoka nje, nyepesi kama karatasi, zina maua kwenye vifuniko utadhani watu wanapika maua. Bei yake nusu. Baada ya miezi mitatu kitako kinavimba, sufuria inacheza juu ya jiko, wali unaungua upande mmoja na upande wa pili ni mbichi. Mtu anatukana, anaitupa, kisha anarudi dukani kununua nyingine ya maua yale yale. Mama Sikio alishagombana na nusu ya mtaa kwa ajili hiyo.

"Yenu naijua ni nzuri," jirani yake alimwambia siku moja, bila hata kuona haya. "Ila mfuko wangu hauijui."

Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Kiwanda kilikuwa na watu zaidi ya mia, sasa walibaki thelathini na mmoja. Hata mkaguzi mwenzake alishapewa barua yake ya kwaheri. Majina ya waliotakiwa kupunguzwa yalipobandikwa ukutani, jina la mdogo wake wa kiume, fundi wa mashine ya kukandamiza, lilikuwa la tatu. Mama Sikio alikwenda ofisini kwa bosi akalia mpaka likafutwa. Hakuwahi kumlilia mtu maishani mwake, lakini mdogo wake alikuwa na watoto watatu na mke mgonjwa, akaona heri aibu kuliko hayo.

Kisha likaja tumaini la mwisho. Bodi ya shule za bweni ilitaka sufuria mpya kwa majiko yake yote, kubwa kwa ndogo. Bosi aliwakusanya wafanyakazi uani akasema bila kuzungusha maneno, "Tukiikosa hii, mwisho wa mwezi nafunga geti." Kuanzia hapo watu walifanya kazi roho mkononi.

Siku bodi ilipokuja, Mama Sikio alikuwa na siku ya pili tu tangu arudi likizo. Wiki mbili alikuwa kwa binti yake aliyejifungua. Kwa kuwa hakukuwa na mkaguzi mwingine, kichuma cha nyota alimwachia mdogo wake. "Gonga, sikiliza," alimwambia. "Ukitilia shaka, weka pembeni mpaka nirudi." Mdogo wake akasema usijali, dada.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mnene, mpole, aliyewahi kusimamia jiko la shule kwa miaka mingi. Alizitazama sufuria mezani, za kiwanda na za nje alizokuja nazo garini, akatingisha kichwa.

"Mimi naona sufuria na sufuria," alisema. "Nionyesheni hiyo tofauti mnayotaka niilipie."

Bosi akaanza hotuba yake ya uzalendo, ile ndefu. Mama Sikio aliona macho ya wageni yanaanza kuzurura ukutani, akashindwa kujizuia.

"Mama, tofauti haionekani, inasikika. Mimi nitageuka nyuma, wewe gonga upendayo. Nitakwambia ipi yetu na ipi ya nje, na nikikosa hata moja, usinunue."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akapenda mchezo. Akapanga sufuria zake nne za nje, ambazo hazikuwa zile za maua bali zisizo na pambo lolote, kisha akasema za kiwanda atakwenda kuzichukua ghalani mwenyewe.

"Subiri nikuchagulie nzuri," bosi akasema, akimkimbilia.

"Kwani kuna mbaya?" akauliza mwenyekiti, na bosi akabaki kasimama.

Mama Sikio alikuwa ameshageuka kuutazama ukuta. Hakuiona sura ya bosi. Nyuma yake kila kitu kilinyamaza, hata mashine zilizimwa, na mlangoni wafanyakazi wakajazana. Kijiti kikagonga.

"Yetu."

Kikagonga tena. "Ya nje." Ya tatu ya nje, ya nne yetu, ya tano ya nje. Alijibu haraka, kwa raha, kifua mbele. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuna mtu aliyeitaka kazi yake ionekane. Ya sita ililia kwa ule mlio mwembamba wa kulalamika, na hata haukumaliza kulia kabla hajasema, "Ya nje." Ya saba yetu. Ya nane ya nje.

"Zenu tatu, za nje tano," mwenyekiti akasema.

"Hivyo hivyo."

"Mbona ghalani nimetoa nne?"

Akageuka. Mwenyekiti alikuwa ameipindua sufuria ya sita, na chini ya kitako, wazi kabisa, palikuwa na nyota.

Mama Sikio akaichukua. Kidole gumba kilipopita ukingoni kilimwambia kila kitu, kwa sababu bamba lile lilikuwa nusu ya unene aliouzoea. Akaitazama nyota. Yeye hugonga kwa mkono wa kulia, na nyota zake zote hulalia upande mmoja. Hii ililalia upande wa pili. Katika kiwanda kizima mwenye kutumia mkono wa kushoto ni mmoja tu.

Akainua macho mpaka mlangoni. Mdogo wake alikuwa anatazama viatu vyake.

Basi akajua. Masikio yake hayakukosea hata kidogo, na angeweza kusema hivyo pale pale: mama, nimesikia sawasawa, bamba hili si letu, na nyota hii si yangu. Lakini kusema hivyo ni kusema kiwanda kinadanganya, na aliyegonga uongo huo ni mtoto wa mama yake. Bosi alimkazia macho. Watu mlangoni walimsubiri. Akahisi hasira ya kutaka kuitupa ile sufuria dirishani.

"Nimekosea," akasema. "Hii ni yetu. Masikio, mama. Umri nao."

Bosi akashusha pumzi. "Mama yetu amechoka," akadakia upesi, "ametoka safari juzi tu. Lakini sufuria zetu, mheshimiwa, ubora wake..."

Mwenyekiti aliinua mkono, akamnyamazisha. Hakukasirika. Alimtazama Mama Sikio kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi.

"Sikia, mama yangu. Wewe umefanya kazi hii maisha yako yote. Kama wewe mwenyewe huwezi kuitofautisha yenu na ya nje, mimi nitawaambia nini wazazi? Kwamba nimelipa mara mbili kwa tofauti ambayo hata mkaguzi haisikii?"

Mama Sikio alifungua mdomo. Akisema kweli, wao ni walaghai. Akishikilia uongo, za nje ni sawa na zao, tena rahisi. Alikuwa amejichimbia shimo, na watu thelathini wote walikuwa wamesimama ndani yake pamoja naye. Wageni wakashukuru kwa chai, wakaondoka.

Alimkuta mdogo wake nyuma ya ghala.

"Bosi alileta bamba jepesi," akajieleza kabla hajaulizwa. "Alisema tukipunguza uzito tutafikia bei yao, na kwamba wewe kuwa likizo ndiyo nafasi yenyewe. Ningefanyaje, dada?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Walijua wote wawili kwamba asingekubali, na kwamba ndiyo maana bosi alisubiri aondoke. Kilichomchoma ni kwamba mdogo wake aliigonga nyota ile sufuria baada ya sufuria, wiki mbili nzima, na jioni alikuwa anampigia simu kuuliza hali ya mtoto mchanga.

"Nimeshasema nimekosea, nitabaki na hilo," akamwambia. "Sitakutaja. Ila hawa wenzetu wakianza kunirukia, usiniache peke yangu."

"Siwezi kukuacha, dada. Haki ya Mungu."

Mwisho wa mwezi geti lilifungwa kama bosi alivyoahidi. Siku hiyo watu walitoka na vifurushi vyao, sare zilizofuliwa, vikombe, mmoja na kiti alichopewa badala ya asante. Mama wa kufungasha, ambaye kwa miaka kumi na tano walikula chakula cha mchana benchi moja, alimsubiri Mama Sikio getini akamshika mkono.

"Nani alikutuma?" akamfokea. "Nani alikuomba ujipige kifua mbele ya wageni? Ulijua masikio yameshakwisha, ukanyamaza, ukatutia mchanga kwenye kitumbua chetu. Mimi sasa nakwenda wapi?"

Wengine wakasogea. Mmoja akasema amekuwa akipitisha sufuria mbovu muda wote huo, nani ajuaye tangu lini. Mwingine akacheka vibaya. Mama Sikio alikuwa anamtafuta mdogo wake kwa macho, na akamwona anakuja, anawapangua watu kwa mabega, na kwa kitambo kidogo roho yake ikatulia.

Mdogo wake akasimama mbele yake, akamwekea mkono begani.

"Mwacheni dada yangu," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. "Ni uzee tu. Hasikii vizuri siku hizi, na sisi nyumbani tumeshamzoea. Si kosa lake."

Watu wakapoa. Hasira ikageuka haya, wakampisha njia. Mama wa kufungasha, machozi yakimlengalenga, akamwinamia sikioni na kupaza sauti, neno moja moja, jinsi mtu anavyosema na kiziwi.

"Pole, mama! Hatukujua!"

"Asante," Mama Sikio akaitikia, naye kwa sauti kubwa, maana kuanzia siku hiyo hivyo ndivyo wangeongea naye.