Boksi la Kubeba kwa Mkono Mmoja

Kasmiri, mpiga besi wa bendi, alivua kiatu cha kulia, akakanyaga sakafu kwa unyayo mtupu, kisha akamwashiria Yordani apige tena. Yordani akaivuta kamba nene ya gita la besi. Mabati ya banda yalitetemeka, vumbi la singa, zile nyuzi za mkonge, likamwagika kutoka kwenye paa kama unga wa kinuni, na wanabendi wote wakashangilia. Kasmiri hakushangilia. Miaka kumi na moja mbele ya korona, ile mashine inayoparua majani ya mkonge, ilikuwa imemla masikio yote mawili. Muziki sasa ulimwingia kwa nyayo na kifua.

"Boksi hili linapiga bati," alisema. "Halipigi mtu."

Yordani, kiongozi wa bendi, alimsogelea na kumsemea usoni ili asome midomo. "Kaka Kasmiri, banda zima linacheza! Unataka nini zaidi?"

"Handeni tutapiga uwanjani. Huko utalitoa wapi bati? Utaezeka mawingu?"

Wenzake walicheka, lakini Yordani aliinamisha kichwa, maana alijua wanachagua nini. Amplifaya zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, ina shaba kwenye pembe, wanaume wawili huibeba wakitoa pumzi kama ng'ombe. Hiyo ilikula umeme, na umeme Korogwe yote ya mashambani ulikuwa wa mwenye shamba na injini yake. Nyingine haikuzidi sanduku la nguo za mtoto wa shule ya bweni. Ilikuwa na mpini wa ngozi juu, na chakula chake kilikuwa betri ya gari. Mdoe, fundi redio wa Handeni, ndiye aliyeileta, kaifunga nyuma ya baiskeli. Kubwa iliagizwa na meneja. Ndogo Mdoe alikuwa tayari kuitoa kwa kubadilishana na baiskeli ya Kasmiri.

Wakipata ndogo, wangepiga Makuyuni Jumamosi, Handeni wiki ya pili, na wakati wa mavuno wangepanda hadi Bungu. Kasmiri angekwenda ofisini, akatupa kipande chake cha kazi mezani, na asinuse tena maji ya mkonge uliooza. Wakipata kubwa, wangekuwa kasuku wa meneja, wafunguliwe kinywa Wazungu wakija, wafungwe Wazungu wakiondoka.

Na Kasmiri hakutaka kufia humo shambani. Humo alikuwa amekwisha kufiwa.

Efrazia, mkewe, alikuwa mpiga brashi katika banda hili hili. Kazi yake ilikuwa kuzishika singa kavu na kuzilisha kwenye brashi, pipa lenye meno linalozunguka. Siku hiyo mkono wa gauni ulinaswa. Alipiga kelele. Mumewe alikuwa hatua kumi kutoka hapo, kalipa mgongo brashi, na hakusikia kitu. Nyapara mkuu, Muhidini, alisikia. Alikuwa amesimama kando ya hendeli ya kuzimia injini, kaiegemea hasa. Lakini shamba lilikuwa na amri yake: injini haizimwi bila ruhusa ya ofisini. Basi Muhidini akakimbia ofisini kuomba ruhusa. Alikimbia kwenda, akangoja karani amalize kuandika, akakimbia kurudi. Aliporudi na ruhusa, hakukuwa na wa kuokolewa.

Baadaye alikuja mkaguzi mwenye kofia, akapima mashine kwa futi ya kukunja, asimpime mtu. Karatasi ikasema mfanyakazi alivaa mikono mirefu. Wakubwa wakaipiga muhuri. Muhidini akaongezewa cheo kwa kufuata taratibu. Tangu hapo Kasmiri alikuwa akilala na kuamka na neno hilo, taratibu, kalitia mdomoni kama kokwa, halimezeki wala halitemeki.

Sasa alimwita Hilaria, mdogo wake Efrazia, aliyekuwa mwimbaji wa bendi. "Shemeji, nenda mpaka kwenye kamba za kuanikia singa. Tupe mgongo. Ukiisikia besi, inua mkono."

"Na nisipoisikia, niinue mguu?"

"Nenda, mwanamke wewe."

Yordani alipiga kwa lile boksi kubwa, humo bandani. Mabati yalipiga kelele. Mkono wa Hilaria uliinuka mara moja, ukashuka kwa mashaka. Kisha wakalitoa lile dogo nje, wakaliweka juu ya ardhi tupu, Mdoe akaunga waya kwenye betri. Yordani akagusa kamba. Kasmiri aliisikia ikimpanda kwenye nyonga kama maji ya moto. Kule mbali mkono uliinuka. Ukainuka tena. Mara ya nne Hilaria alisahau mkono, akaachia kiuno.

"Nalichukua," Kasmiri alisema. Alilinyanyua kwa mkono mmoja, akalizungusha begani na kulirudisha chini, akicheka mara ya kwanza mwaka ule. "Mdoe, baiskeli ile pale. Breki ya nyuma mbovu, nakwambia kabisa."

"Breki kazi yake nini, mzee wangu? Mimi nawahi," Mdoe alijibu.

Ndipo Muhidini alipotokea na fimbo yake. Hakusalimia.

"Nani kaamuru chombo kitoke nje?"

"Tunachagua, Bwana Muhidini," Yordani alisema.

"Mmeitwa kupokea, si kuchagua. Bwana meneja kachagua. Lile kubwa. Jumapili ijayo mkuu wa jimbo anakuja, mtapiga ukumbini." Alilitazama lile dogo, akalipiga teke. Liliburuzika, kona ikachanika kitambaa. "Sanduku la mbilimbi hili. Kachagua nani?"

"Mimi."

Muhidini aliangua kicheko, akawageukia wengine. "Kiziwi kachagua sauti! Haya, makubwa!" Kisha akamsogelea Kasmiri, akatamka polepole, kila neno akilichonga kwa midomo ili lisomeke: "Mkeo alikuita hukusikia. Leo unasikia gita?"

Kasmiri alisoma mpaka neno la mwisho.

Ngumi yake ya kwanza ilivunja pua ya Muhidini. Fimbo ilimjibu kwenye shavu, ikapasua. Pigo la pili la fimbo likamwangukia sikio, sikio ambalo halikuwa na cha kupoteza. Kasmiri alimkaba Muhidini shingo, akamburuta kuingia bandani, visigino vya nyapara vikichora mistari miwili vumbini. Injini ilikuwa ikiunguruma kwa ajili ya lile boksi kubwa, na injini ikiwaka brashi nalo huzunguka, kwa kuwa mkanda ni mmoja na hakuna aliyejali kuutoa. Kasmiri alimshika mkono wa kulia kwenye kifundo, akaupeleka kwenye meno.

Meno yalidaka mkono wa shati.

Watu walikimbilia hendeli. Kasmiri alijibanza mbele yake, damu ikimchuruzika kidevuni, akanguruma kuliko mashine: "Asiguse mtu! Nani kaenda ofisini? Nendeni mkaombe ruhusa! Taratibu!"

Wakasimama. Hilo ndilo lililomtisha baadaye, kila alipolikumbuka: kwamba walisimama kweli. Wanaume wazima, wenye mikono, walisimama kwa kusikia neno ruhusa. Mmoja alikwisha geuka kuelekea ofisini.

Shati la Muhidini lilizama, kitambaa kikafuatwa na kidole. Mdomo wake ulikuwa wazi. Kasmiri aliutazama. Miezi kumi na minane alikuwa ameutafuta mdomo wa Efrazia wa dakika ile, aliokuwa ameupa mgongo, na hakuweza kuuona hata akifumba macho. Sasa aliuona. Ulikuwa umbo hili hili. Haukuwa ukiita meneja wala serikali. Ulikuwa ukiita mtu yeyote aliye karibu.

Alishika hendeli, akaivuta chini.

Mkanda ulipepesuka, brashi likazunguka mara mbili zaidi kwa uzito wake, likasimama. Vidole viwili vilibaki kwenye meno. Taa ya boksi kubwa ilizimika. Manyapara wawili walimrukia Kasmiri, wakampiga mpaka magoti yakakunjika, wakamfunga kwenye nguzo ya nje kwa kamba ya mkonge ambao labda aliuparua mwenyewe. Muhidini alipakiwa kwenye lori, kazungushiwa singa mkononi, na lori likaambiwa lirudi na askari.

Baada ya saa nzima Mdoe alikuwa bado amesimama na baiskeli, hajui aende au abaki. "Mzee Kasmiri, tuivunje biashara?"

"Biashara ipo. Yordani, leo hii lipelekeni Handeni, kabla meneja hajalitia mkono. Lisilale hapa."

"Bila mpiga besi tukapige nini, kaka?"

Jicho moja la Kasmiri lilikwisha fumba kwa uvimbe. Kwa jingine alimtafuta Hilaria. Alikuwa amepiga magoti kando ya boksi dogo, akiufuta udongo kwenye kitambaa kilichochanika kwa ncha ya kanga yake. Taa ndogo nyekundu ya boksi ilikuwa bado inawaka.

"Shemeji," alisema. "Chukua gita."

"Mimi? Mimi ni wa kuimba."

"Chukua."

Alilichukua kama anavyopokewa mtoto wa mtu mwingine, kichwa kwanza. Kasmiri alijaribu kumwonyesha, mikono ikagoma nyuma ya nguzo. Basi akatumia kidevu.

"Kamba nene, hiyo ya juu. Usiikwaruze. Isukume kwa dole gumba, kisha iache iende zake."

Barabarani, upande wa Korogwe, vumbi la lori lililorudi na askari lilikuwa limeanza kupanda. Hilaria alilitazama, akaiinamia kamba, akaisukuma. Kasmiri aliona kamba ikitikisika mpaka ikawa mbili. Mwili wake ulikuwa unauma kila mahali, na katika maumivu hayo hakuweza kujua lipi ni pigo na ipi ni besi.

"Imelia?" aliuliza.

Hilaria alifuta macho kwa bega, akasukuma tena.