Nikimtafutia Havijawa Zawadi

Kiti kinanikanda mgongo taratibu na macho yananilemea. Ni kimoja cha vile viti vyeusi vya ngozi vilivyopangwa kando ya ngazi za umeme, chini kabisa ya jengo hili kubwa la maduka, na wifi yangu Havijawa ndiye aliyenikalisha hapa. Ameniambia, tulia hapo Sikudhani, nafika kwa fundi simu mara moja, usiniinukie hata kidogo. Wifi wa wenzangu wanawasuta na kuwachunguza vyungu. Huyu wangu, dada wa mume wangu, alinipa figo yake. Nilikuwa mtu wa mashine, wa kusafishwa damu, wa kupimiwa maji ya kunywa na kufyonza barafu kiu ikinizidi, na ndugu zangu wote walipopimwa ikaonekana hatuendani, yeye alikuja hospitali mwenyewe, hakuna aliyemwita, akasema, nipimeni na mimi. Leo ndiyo mara ya kwanza tunatoka pamoja tangu tupone vidonda. Nimekuja na nia ya kumnunulia zawadi, sijamwambia, wala sijui ni zawadi gani, na ninawaza hivyo huku kope zinashuka na ngazi za umeme zinapanda, kope zinashuka, ngazi zinapanda, na mimi nainuka bila kuinuka.

Ngazi zinanichukua. Napita ghorofa ya viatu, ya vyombo, ya televisheni zinazoonyesha watu wanaopanda ngazi, na kila nikidhani nimefika juu, ghorofa nyingine inajiongeza, na lile paa la kioo linalomwaga mwanga katikati ya jengo linasogea mbali kama mwezi unavyomkimbia mtu anayetembea. Nguzo zote zimevishwa vioo, na ndani ya vioo kuna jengo jingine kama hili, lenye maduka kama haya, ila kule ngazi zinashuka, na mwanamke mwenye baibui kama langu anashuka nazo akiniangalia. Nageuza uso. Ngazi zinapokoma amesimama mtu wa kunipokea, na si mtu, ni sanamu la dukani, lile la kuvalishwa nguo, limevaa gauni la kijani na kichwa chake ni laini kama yai, halina macho wala mdomo. Karibu, linasema. Nimeshakaribia, najibu, namtafutia mtu zawadi. Zawadi ya namna gani? Ya mtu aliyefunguliwa tumbo kwa ajili yangu. Sanamu linainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa habari ya msiba au ya harusi, kisha linasema, hapa kila kitu kipo, lakini unachokitafuta utakiona ukishakipita. Sielewi, ila nalifuata.

Linaniingiza kwenye duka la kanga, na kanga zinaning'inia toka darini hadi sakafuni, nyekundu, samawati, rangi ya embe, na zinajikunjua zenyewe kuwa barabara ninayoikanyaga, barabara isiyo na mwisho, laini miguuni. Nachagua doti moja nzuri sana. Natafuta jina lake pembeni, na jina hakuna, pale penye maneno ni peupe. Muuzaji ananiambia, sema mama, tukuandikie nini? Nafungua mdomo. Neno linalokuja ni dogo, linalokuja baada yake ni dogo zaidi, na mwisho naikunja kanga naiacha pale pale. Barabara ya kanga inatufikisha kwa sonara. Anaweka bangili upande mmoja wa mizani, anaongeza mkufu, anaongeza pete, anamwaga droo nzima, na upande wa pili, usio na kitu, ndio unaolemea. Naliuliza sanamu, kuna nini pale? Linajibu, pumzi uliyovuta leo asubuhi ulipoamka. Basi najiona nacheka na machozi yananitoka, mbele ya sonara wa watu, maana ni kweli, niliamka leo asubuhi nikavuta pumzi na sikuikumbuka hata mara moja.

Tunaingia kwenye lifti. Nabonyeza kupanda, lifti inashuka. Inapita maegesho ya magari, inashuka tena, na milango inapofunguka ni maegesho mengine chini ya maegesho, baridi, taa nyeupe, mistari ya njano sakafuni, na kila penye nafasi ya gari pamewekwa kiti cha wagonjwa na mashine ya kusafisha damu inayounguruma. Vimekaliwa vyote. Kimoja tu kiko wazi, na ngozi yake imebonyea umbo la mgongo wangu. Nesi Kokushubira, aliyenichoma sindano miaka yote ile, anapapasa mto wa kiti hicho na kuniambia kwa upole, njoo mama, ulikwenda wapi, hujamaliza. Wazo linaniingia kama maji ya barafu, kwamba huenda sikuwahi kuondoka hapa, kwamba Havijawa na figo yake na matembezi ya leo ni ndoto niliyojiotea juu ya kiti hiki ili saa zisogee. Nalishika sanamu mkono, mkono mgumu wa plastiki. Niambie, lipi la kweli? Linasema, kitendawili. Nasema, tega. Linasema, nilikuwa nazo mbili, nikatoa moja, sikupungukiwa. Mimi nani?

Havijawa, najibu. Halafu nalisema tena kwa sauti, halafu napiga kelele, Havijawa, wifi yangu, Havijawa! Na jina linagonga nguzo na kurudi, na kutoka nyuma ya nguzo nasikia kandambili zinapigapiga sakafu, na huyo anakuja mbio, mtandio umemdondokea mabegani, amekasirika kama nilivyozoea. Nilikwambia usiinuke! Nilikwambia au sikukwambia? Ananishika mkono kwa nguvu, na haniachii mpaka tumetoka pale, tumepanda, tumefika kwenye ile chemchemi ya katikati ya jengo inayoruka mpaka karibu na paa. Kunywa, ananiambia. Nakinga viganja. Nakunywa na hakuna anayenipimia, maji yananishuka kifuani, nakunywa tena, mpaka shungi langu linalowa. Nikishatosheka namwambia, wifi, nimezunguka ghorofa zote na sijapata cha kukupa. Anatoa macho. Nani kakwambia nadai? Nimekupa uwe nayo. Siku walipokuja kuniambia umekojoa mwenyewe, nililia kitandani kwangu mpaka nesi akadhani kidonda kinaniuma. Nikamwambia hapana dada, wifi yangu kakojoa! Anacheka, nami nacheka, na sanamu lisilo na mdomo linacheka pia, na vioo vyote vya jengo vinajaa wanawake wawili wawili walioshikana mikono wakicheka, na paa la kioo sasa liko karibu kabisa, mwanga unatuangukia usoni, mwingi, mwingi mno, mpaka nafumba macho.

Nayafumbua. Umekoroma wewe, ananiambia Havijawa, mpaka mlinzi amekuja kuangalia. Amesimama mbele yangu, simu iliyotengenezwa mkononi, mtandio wake umekaa vizuri. Chini yangu kuna kitu kinaunguruma na sijui ni kiti hiki cha kukanda au ni mashine. Kwenye kioo cha nguzo ngazi zinashuka. Naziangalia za upande wangu, nazo siwezi kusema zinapanda au zinashuka. Nataka kuukunja mkono wa baibui nione kama kuna sindano, kisha nauacha ulivyo. Asante, Havijawa, nasema, na leo neno linatoka lote. Asante ya nini tena? Ya kuwa upo hapa. Ananikazia macho, halafu anajifanya anakung'uta vumbi kwenye gauni. Kwani niende wapi, anasema, sogea huko, miguu inaniuma. Kiti ni cha mtu mmoja. Nasogea mpaka ubavu wangu unagusa ukingo wa kiti, naye anajibana pembeni yangu, mzito, ananukia udi, na popote pale nilipoamkia, tunakaa.