Mstari Mwekundu

"Maji gani yale? Mimi nikikojoa natoa mengi kuliko hayo mabomba yako!"

"Basi ungekojoa, Mjomba. Godauni lingepona."

Fundi wa vinyunyizio, vile vya darini vya kuzimia moto, hakucheka. Mjomba wake, mwenye godauni la magodoro lililoungua, alikuwa kaja kwenye masizi na suruali nyeupe. Mtu mzima. Mkononi kashika karatasi iliyokwisha kuandikwa: vinyunyizio vilikuwa vibovu. Ilibaki sahihi ya fundi tu. Akiitia, ufundi wake kwaheri. Nani tena atamwachia dari yake?

"Tia sahihi, mwanangu. Wewe kijana, utapata kazi nyingine. Mimi jina langu je?"

Mchuma janga hula na wa kwao. Fundi leo hakuwa na njaa.

"Njoo uone," akasema, akamvuta mpaka kona ya mlangoni. Huko magodoro yalipangwa chini, mbali na dari. Kinyunyizio kimoja, kidogo kama kidole gumba, kilipasuka kwa joto kikamwaga rasharasha. Matone yakageuka mvuke, yakala joto; mengine yakalowesha magodoro ya jirani, moto ukakosa pa kurukia. Yaliungua saba tu, mengine mazima.

"Sasa kule kwako." Kule Mjomba alirundika mpaka yakagusa dari. Maji yakaishia mgongoni mwa godoro la juu kama kwenye mwavuli, na chini moto ukala kwa raha zake.

"Si nilikwambia uache nafasi ya mkono mmoja chini ya dari? Nikakuchorea na mstari mwekundu ukutani, usipitishe mzigo hapo."

"Mstari gani? Mimi sijaona mstari."

Aliuona. Wiki ileile aliupaka rangi nyeupe, akasema ukuta wake si daftari la chekechea.

Fundi akainua kidole. Joto lilikuwa limebambua ile rangi nyeupe, imening'inia kama ngozi ya nyoka, na mstari umetokeza mwekundu vilevile. Mjomba akautazama. Akajikohoza. Akaanza kuikung'uta suruali.

"Nitamwambia mama yako unavyonijibu."

"Mwambie. Mwonyeshe na ukuta."

Fundi akampokonya ile karatasi isiyo na sahihi, akaikunja mara nne, akamchomekea Mjomba mfukoni mwa shati, akageuka. Mbele yake palikuwa na dimbwi la maji meusi. Hakulizunguka. Alilikanyaga kwa nguvu zote, likaruka hadi kwenye ile suruali, akaenda zake.