Gauni la Sabato

Shemeji yangu Sabato alikuwa bibi arusi mara thelathini na moja, na mara zote ni mimi niliyemfunga vifungo vya mgongoni.

Kijijini kwetu, kila Jumanne ya kanivali, siku ya mwisho kabla ya Kwaresima, huchezwa arusi uwanjani: baba asiyetaka kumwoza binti yake, mama mwenye mdomo, bwana arusi mwenye bunduki ya mbao, na matusi ya kuimbwa kwa matari. Tangu enzi za mababu waigizaji walikuwa wanaume watupu. Binti alikuwa Sabato, mwenye bucha, mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala na masharubu ambayo hakuyanyoa hata kwa ajili ya arusi. Akitokea na shela, watu walipiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka kanisani. Kesho yake, Jumatano ya Majivu, alikuwa nyuma ya meza yake na kisu, na hakuna aliyelitaja tena jambo hilo.

Januari ya mwaka juzi Mirella, binti wa mfamasia, alisimama kwenye mkutano wa maandalizi.

"Wanawake tupo hapa tele. Kwa nini bibi arusi awe na masharubu?"

Watu walicheka, lakini msichana alisema haki, na wa kwanza kuinua mkono kumuunga alikuwa Sabato mwenyewe. "Mpeni nafasi yake," akasema. "Hata hivyo magoti yangu yamechoka."

Nilimpigia makofi. Nilikuwa sijajua kitu.

Wiki iliyofuata soseji zilitoka bila chumvi. Bibi Incoronata, mwenye miaka tisini na mmoja, alizirudisha na kuzitupa juu ya meza. "Sabato, hizi umemtengenezea mgonjwa?" Siku mbili baadaye alijikata kidole. Nilishuka kutoka kwangu ghorofani kumfunga kitambaa, nikamuuliza, "Shemeji, una nini? Unamwonea Mirella wivu?"

"Hapana. Ataimba vizuri kunishinda."

"Basi nini?"

Alitazama mlango kwanza. "Ermelinda, nikivaa lile gauni mwili wangu unatulia. Kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Ilikuwa siku moja tu kwa mwaka, lakini ilinitosha kuvumilia zilizobaki. Sasa hata hiyo nimeigawa kwa mdomo wangu mwenyewe."

Nikakumbuka jinsi kila mwaka alivyochelewa kulivua, akidai vifungo vimekwama. Mimi ni mshonaji. Vifungo vyangu havikwami.

"Nikushonee jingine la arusi?"

"La arusi la nini, na umri huu? Nataka la kawaida. La kutokea."

"Rangi gani?"

Akaona haya kama msichana wa miaka kumi na tano. "Kijani. Na mifuko."

Sitajifanya malaika. Nilipokuwa nakata kitambaa cha kijani nilimwogopea, na nilijiogopea mwenyewe: watanisema nini kwenye foleni ya mkate? Mkasi ulienda hivyo hivyo.

Jumanne ya kanivali tulitoka pamoja. Alivaa gauni lake, koti juu, viatu vya kike vya kisigino kifupi, masharubu ameyachana. Rocco, aliyekuwa bwana arusi wake miaka yote ile, alikuwa karibu na chemchemi na bunduki yake ya mbao begani. Akapanua mikono.

"Aah, Sabato! Kumbe umerudi! Unacheza nani mwaka huu?"

"Sichezi. Nimekuja kutazama."

Rocco alicheka peke yake. "Miaka thelathini na moja nimekubusu shavu mbele ya watu," akasema. "Nilidhani tunatania."

"Wewe ulikuwa unatania, Rocco. Na ulitania vizuri."

Rocco akatugeuzia mgongo. Mchezo ulipoanza alisahau maneno yake nusu nzima, Mirella akambeba kwa sauti yake. Nyuma yetu mtu akapiga mluzi, na haukuwa wa shangwe kama ile ya miaka iliyopita.

Ndipo Bibi Incoronata alipotufikia na fimbo yake, watu wakimpisha. Akalishika gauni kwa vidole viwili.

"Nani kashona?"

"Mimi, bibi."

"Pindo limekwenda upande." Kisha akamwambia Sabato, bila kupunguza sauti, "Mwaka wa hamsini na nane kulikuwa na Gerardo, kijana wa kinuni. Walimkuta na sketi ya dada yake, siku ya kawaida tu. Tulimtupia mawe mpaka stesheni. Nasema tulimtupia, na mimi nilikuwamo. Alikuwa na sauti nzuri yule kijana. Hakurudi." Akavuta pumzi. "Nipe mkono, mwanangu. Nimechoka kusimama."

Walitazama mchezo mpaka mwisho, yeye amemwegemea Sabato, na hakuna aliyethubutu kumpigia mluzi bibi wa miaka tisini na mmoja.

Kwaresima yote Sabato alifungua bucha akiwa na gauni chini ya aproni. Wako waliokuja kuchungulia, na kila aliyeingia aliona aibu kutoka bila soseji. Mke wa mfamasia alimuuliza amepata wapi viatu vya kike vya ukubwa ule. Wachache walisusa. Rocco alisusa kuliko wote. Alianza kuendesha gari mpaka mji wa bondeni kununua nyama.

Lakini Pasaka kwetu bila mwanakondoo si Pasaka. Jumamosi Kuu foleni ilifika barabarani, nami nilikuwa nasaidia kufunga nyama, nikamwona Rocco anaingia, kofia imeshuka mpaka nyusi.

"Mguu wa kondoo," akaiambia mizani.

"Mko wangapi?" Sabato akauliza.

"Saba. Mke wangu Vincenza kasema nikirudi na nyama ya bondeni nilale huko huko bondeni."

"Wale wanakuuzia beberu mzee."

"Si ndivyo nilivyomwambia!" Akajikuta amemtazama. Akakohoa. "Nikuulize kitu, bwana. Sasa unaitwa nani?"

"Sabato."

"Bado Sabato?"

"Nilizaliwa Jumamosi, mama akanipa hilo. Sina jingine."

"Afadhali," Rocco akashusha pumzi. "Kichwa hiki kushika jina jipya kisingeweza." Foleni nzima ikaangua kicheko, na Sabato akacheka mpaka akaweka kisu chini. Rocco akachukua mguu wake wa kondoo, akafika mlangoni, akageuka. "Jumatatu mlimani unakuja?"

"Nikialikwa."

"Tangu lini wewe unaalikwa? Leta soseji."

Jumatatu ya Pasaka kijiji chote kilipanda malishoni na vikapu, divai na mikate ya mayai. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, matope yakafika vifundoni. Rocco alilipiga tari akimtazama Sabato mpaka Sabato akainuka, akachomeka pindo la gauni mkandani na kuingia katikati kucheza. Rocco akamtupia mtu mwingine tari, akamfuata. Hatua za arusi ya uwanjani walizijua miaka yote, basi zilitoka zenyewe. Bibi Incoronata alipiga fimbo yake juu ya kikapu, nje kabisa ya mapigo.

Rocco ndiye aliyeishiwa pumzi. "Basi, basi!" akapiga kelele, amejishika ubavu. "Huyu ataniua!"

"Kaa chini, mzee," Mirella akamwambia, akaingia mahali pake.