Mfalme Kwenye Foleni ya Chipsi

Mpaka Jumatatu, Cyril Ockenden alikuwa fundi bomba wa Grimsby, mji wa Uingereza. Jumatano akawa mfalme. Mfalme wa Valdovia, kijinchi cha milimani ambacho hata mwalimu wa jiografia angekitafuta kwa miwani. Mfalme wao kafa bila mtoto, wakachokonoa makaratasi, wakakuta bibi yake Cyril, mfua nguo, aliwahi kuzaa na mkubwa mmoja wa ukoo wa kifalme wa kule. Basi, mrithi ndiye huyo, mikono bado inanuka vyoo vya watu.

Akatumwa Baron Strelz kumchukua, kizee chenye medali nyingi kifuani kuliko meno mdomoni.

"Treni ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Mtukufu."

"Sawa. Ila naenda na Mavis."

Mavis Thrupp aliuza samaki na chipsi karibu na stesheni. Miaka mitatu Cyril anamzungukia, kila Ijumaa anakula samaki asiyempenda ili tu amwone, na kila Ijumaa anaondoka bila kutamka neno la ndoa. Safari hii atalisema. Bila Mavis, hiyo Valdovia waichemshe wanywe.

Ijumaa wakakuta foleni ya duka la Mavis imetoka mpaka nje. Cyril akasimama nyuma, kama mtu yeyote.

"Mfalme hapangi foleni!" Baron akamshika mkono, akapasua katikati ya watu hadi kaunta. Na Cyril, bwege, akafuata. Siku mbili tu za kuitwa Mtukufu zilishamlegeza ubongo.

Hakuna aliyefoka. Pale unaweza kuiba mke wa mtu ukasamehewa kabla ya Pasaka, lakini foleni usiguse. Mzee mmoja akakohoa. Bi Pegler, ambaye zamu ilikuwa yake, akaliambia begi lake: "Wengine hawakulelewa, walimwagwa tu."

Masikio ya Cyril yakawaka. "Mavis, nataka kukuuliza..."

"Foleni inaanzia mlangoni."

"Mavis, mimi ni mfalme."

"Nimesikia. Bado inaanzia mlangoni. Bi Pegler, mama, nikupe nini?"

Baron akavimba. "We binti! Huyu ni Mtukufu!"

"Na wewe baba, toa kiwiko kwenye vitunguu vyangu."

Cyril akageuka. Vichwa kumi na tisa. Saa ya ukutani, kumi na moja na nusu.

"Ukirudi nyuma treni inatuacha," Baron akamnong'oneza. "Baraza linakaa kesho. Kiti anapewa binamu yako Otto."

"Otto anafaa?"

"Otto ni punda."

"Basi watazoeana."

Akaenda nyuma. Baron akatoka, medali zinalia kama vijiko. Mwanamke aliyemtangulia Cyril kwenye foleni akasema bila kugeuka, "Naona mvua inakuja," maana yake kasamehewa.

Dakika arobaini. Alipofika kaunta, treni ilishaondoka.

"Samaki wameisha," Mavis akasema. "Chipsi zipo."

"Mavis, utaolewa na mimi? Ufalme sina tena."

Mavis akanyunyiza chumvi, hana haraka. "Yaani ningekuwa malkia?"

"Ungekuwa."

"Na umeuacha ufalme kwenye foleni."

"Kwa ajili yako."

"Muongo. Umemwogopa Bi Pegler." Akazikunja chipsi kwenye gazeti. "Ila mwanaume mwenye aibu anafundishika. Ndiyo, nitaolewa na wewe. Nitie siki?"

Nyuma yake kwenye foleni mtu akakohoa. Cyril akaruka pembeni kumpisha, hata siki hakungoja.