Meneja Asiyepokea Simu za Nyumbani

Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo, kabla birika la ofisini halijachemka, watu saba wa idara ya matangazo ya mtandaoni walituma mawazo yao kwenye kundi la simu. Saa mbili na nusu meneja aliyasoma yote, akachagua moja. Saa nne alilieleza kwa mteja. Wazo likishachaguliwa halikuwa tena la mtu, liliitwa letu, na wa kulieleza alikuwa meneja peke yake. Meneja huyo walimwita Tai kwa sababu ya tai zake. Alikuwa nazo tisa, na mbili zilikuwa na doa la chai mahali palepale.

Mziwanda aliitwa hivyo nyumbani, na ofisini pia, tangu siku mama yake alipompigia simu ikiwa kwenye spika. Alianzia chini kabisa. Mwaka wa kwanza alijibu maswali kwenye kurasa za wateja: bei gani, mko wapi, mbona mzigo haujafika. Mwaka wa pili alipewa kuandika matangazo yenyewe, maneno yasiyozidi kumi chini ya picha. Alikuwa na sauti nyembamba na kithembe, na hakuweza kutulia. Aliangalia takwimu, akasimama, akaenda dirishani, akarudi kuziangalia tena. Chini ya meza yake mguu wa kulia ulikuwa umelitoboa zulia.

Jumatatu moja aliandika kwa ajili ya kiwanda cha matangi ya maji: Mvua ilinyesha jana. Yako iko wapi?

Tai alilichagua hilo. Saa nne walikaa mbele ya mwenye kiwanda, mama mmoja mwenye miwani shingoni. Tai akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Mziwanda.

"Mvua ilinyetha jana," alisema Tai, mwanamume wa kilo mia moja na ushee. "Yako iko wapi?"

Mwenye matangi aliandika kwenye daftari. "Hiyo nimeipenda. Nani kaifikiria?"

Mziwanda alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata kikohozi.

"Ni kathi yetu thote," alisema Tai, na mwenye matangi akampa mkono.

Walipotoka, dada wa mapokezi alimwona Mziwanda akishika koo, akammiminia maji ya uvuguvugu. "Sauti itarudi akimaliza kulieleza wazo lako," alimwambia. "Ya yule kijana wa picha ilikaa huko siku mbili. Wewe kunywa, usihangaike."

Sauti ilirudi saa kumi na moja na robo. Lakini saa kumi mama yake alikuwa ameshapiga. Mama alipiga kila siku saa kumi. Macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, na katika simu nzima alikijua kitufe kimoja tu, cha mwanawe wa mwisho, alichokibandikia punje ya mchele kwa gundi ili kidole kisipotee. Siku za matangazo yaliyochaguliwa Mziwanda aliitazama simu ikiita mpaka ikachoka. Tai naye hakuwahi kupokea simu za nyumbani kwake. Alimwandikia mkewe ujumbe kwa kidole gumba kimoja, na watu wakasema ana dharau.

"Nikiwa meneja, mama," Mziwanda alisema siku moja sauti ikiwepo, "nitakuwa nathema mwenyewe."

"Sema tu, mwanangu. Mradi upokee simu."

Hicho ndicho alichokitaka, na alikitaka kwa haraka. Alijifunza kusoma takwimu, tangazo lipi watu wamelipita na lipi wamelibofya. Alijifunza kuchagua nani alione, saa ngapi, akiwa wapi. Akapewa kuongoza watu wawili, kisha wanne. Mwaka wa tano Tai alipandishwa ghorofa ya juu kuwa mkurugenzi, na Mziwanda akakabidhiwa ufunguo wa chumba chenye mlango. Siku hiyohiyo alimwambia dada wa mapokezi kwamba kwake yeye, aliyewaza ndiye atakayesema.

"Haya," alisema dada wa mapokezi, na akaweka birika jikoni.

Katika watu wake alikuwemo Mzee wa Vibao. Miaka thelathini alichora majina ya maduka kwa brashi, hadi maduka yalipoanza kuchapishiwa vibao vya plastiki. Akajifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, kama ndoo inayoburutwa kwenye kokoto, na kila baada ya sentensi mbili alikohoa mara moja. Mteja wa wiki hiyo alikuwa mwenye kiwanda cha kufuli, mkubwa kuliko wote waliowahi kuja. Mkurugenzi alikuwa amemwambia Mziwanda waziwazi kwamba akimpoteza huyo, atarudi kujibu maswali ya bei gani na mko wapi.

Mzee wa Vibao aliandika: Lala. Mlango uko macho.

"Mzee, hii utaieletha mwenyewe," alisema Mziwanda.

"Mimi, binti?"

"Wewe."

Mzee aliazima koti la kijana wa picha, akachana nywele mbele ya kioo cha choo, akayarudia maneno yake manne mara tatu kwa sauti.

Mwenye kufuli aliingia akitazama saa. "Nani ataongea? Nina dakika kumi."

Mziwanda alimgeukia mzee. Mzee alikuwa anafungua kasha la miwani. Lilikuwa kasha gumu la bati, na alilifungua taratibu kwa kucha ya kidole gumba, kama alivyofungua makopo ya rangi. Akatoa kitambaa, akafuta kioo cha kushoto. Mwenye kufuli akatazama saa tena. Chini ya meza mguu wa Mziwanda ulikuwa unapiga zulia jipya. Mzee akaanza kioo cha kulia.

"Lala," alisema Mziwanda, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo. "Mlango uko macho."

Mwenye kufuli aliinua uso. "Nani kaandika hiyo?"

Mziwanda alikuwa na jina la mzee mdomoni, tayari kabisa. "Ni kazi yetu sote," alisema, na akakohoa mara moja.

Mzee alirudisha miwani kwenye kasha bila kuivaa.

Matangazo ya kufuli yalipangiwa miezi mitatu. Kulikuwa na mawakala wa kuelezwa, mameneja wa matawi wa kuelezwa, vikao vya kwenye kompyuta asubuhi na mchana, na kila mahali Mziwanda alianza na Lala. Sauti haikupata nafasi ya kurudi kwa mwenyewe. Mziwanda alimwuliza dada wa mapokezi sauti yake mwenyewe imekwenda wapi.

"Ipo tu humo ndani," alisema dada. "Haina pa kupita."

Wiki ya pili Mzee wa Vibao alikuja na vipande vinne vya kadibodi, alivyovichora kwa brashi kwa herufi nzuri zenye kivuli, vikining'inia kwenye uzi shingoni. Kimoja kilisema Habari za asubuhi. Kimoja kilisema Chai bila sukari. Alisimama mlangoni kwa meneja akainua cha tatu: Lini?

"Wiki ijayo, mzee wangu," alisema Mziwanda kwa sauti ya mzee.

Mzee akageuza cha nne. Ndiyo, bosi.

Wiki ijayo ilikuwa na vikao kumi na moja.

Mama alipiga kila siku saa kumi. Ujumbe haukumfaa, kwa kuwa hakuweza kuusoma. Jumamosi mchana Mziwanda akaenda mwenyewe, akabisha hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

Komeo likavutwa. "Karibu, mzee wangu. Kaa kiti cha kushoto, hicho cha kulia mguu wake mmoja mfupi. Unatoka kazini kwa mwanangu?"

Mziwanda alikaa. "Ndiyo, mama."

"Hajambo?"

"Hajambo. Amekuwa meneja."

Mama alitabasamu upande wa dirishani. "Basi sasa anasema mwenyewe."

Mguu wa Mziwanda ulikuwa unatikisa sakafu. Akalishika goti kwa mikono miwili. "Anasema," alisema, na akakohoa.

"Pole na hicho kifua. Usiondoke kwanza, saa kumi nampigia. Utamsikia. Ana kithembe, lakini akisema neno moja tu unajua ni yeye."

Mama alipapasa simu mapajani, akatafuta punje ya mchele, akaibonyeza. Simu ikaita ndani ya mkoba wa meneja. Mama aliweka yake sikioni akasubiri, akihesabu milio kwa kidole kwenye mkono wa kiti.

"Yako nayo inaita, mzee wangu," alisema. "Pokea, usinionee haya. Huenda ni watu wa nyumbani kwako."

Meneja aliitoa simu, akalitazama jina, akaiacha iite mpaka ikachoka.