Makaburi Ishirini na Mawili

Obonyo alikuja kwangu mjini, mtaa wa Kamwokya, mara ya tatu Jumanne asubuhi, na safari hii alileta sukari kilo mbili. Ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Mtu wa kampuni ya bwawa la umeme haleti sukari bure.

Alitaka sahihi yangu. Familia nyingine zote za kijiji chetu cha kaskazini, kando ya Nile, zilikuwa zimekubali kwamba makaburi yao yamehamishwa. Nilibaki mimi, Kamis, mkubwa wa ukoo, na aliniambia kwamba bila sahihi yangu milango ya bwawa haitafungwa ili maji yajae. Mama yangu Kaltumi amezikwa pale.

Binti yangu Munirah alikuwa upande wa Obonyo, na sikumlaumu. Ni muuguzi katika zahanati ndogo hapa mtaani. Wiki iliyotangulia umeme ulikatika kutwa nzima, jenereta ikagoma, na chanjo zote zikaharibika kwenye friji. Akina mama waliofika na watoto mgongoni ni yeye aliyewarudisha nyumbani. Aliniambia siwezi kulipinga bwawa huku kila jioni nasoma gazeti kwa taa ya umeme.

Mimi sipingi taa. Nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na mitatu, darasa la usiku kule Lubaga, baada ya kutwa nzima ya kuendesha lori. Thamani ya balbu naijua. Lakini darasa lile lilinifundisha pia kusoma karatasi yote kabla ya kushika kalamu. Ripoti ya mazingira aliyoniletea Obonyo mara ya kwanza niliisoma mara mbili. Ilisema msitu wa visiwani utazama na samaki watapungua kwa muda. Nilimwuliza Obonyo ni muda gani. Akajibu kwamba wataalamu wanajua.

Basi asubuhi hiyo nikavaa miwani, nikaisoma karatasi ya makaburi polepole, naye akitazama saa. Ilisema mabaki ya marehemu ishirini na wawili wa ukoo wangu yamefukuliwa kwa heshima na kuzikwa upya kilimani mbele ya shehe. Niliirudia ile namba. Kisha nikahesabu moyoni, kaburi kwa kaburi, tangu babu aliyekuja na jeshi hadi mdogo wangu Abdul-Karim.

"Munirah, kule tumezika wangapi?"

"Kumi na mmoja, Baba."

Obonyo alicheka kidogo. Alisema wazee husahau, lakini vijana wake walihesabu palepale, alama kwa alama, na picha wakapiga. Akanionyesha kwenye simu. Niliyatambua mawe yetu, yale meusi ya mtoni, yamepangwa safu mbili kama askari wa gwaride. Kila jiwe lilikuwa na kilundo chake cha udongo.

Kwetu hatuandiki majina kaburini. Tunaweka jiwe moja kichwani na jingine miguuni, basi.

Nikamrudishia simu yake. Munirah alikuwa ameshaelewa. Aliacha kumimina chai.

"Mwanangu Obonyo," nikasema, "umehamisha mawe. Ungefukua, ungewakuta kumi na mmoja."

Alisema hayo ni makosa ya mkandarasi na namba itarekebishwa, nitie sahihi tu. Nikamwambia twende kilimani na shehe tufukue kaburi moja, achague yeye. Akasema dini yetu hairuhusu kuwasumbua marehemu.

"Kama wamo," alisema Munirah.

Hapo sauti ya Obonyo ikabadilika. Alisema Ijumaa milango itafungwa, kwa sahihi yangu au bila. Siku zote tatu alikuwa ameniambia vingine. Nikajiuliza familia zile nyingine zilitia sahihi chini ya namba gani, na nani aliwasomea.

Nilichukua kalamu. Mahali pa sahihi niliandika, kwa mwandiko wangu ulionyooka: Mawe yamehama, watu wako palepale. Nikaweka tarehe. Munirah akaipiga picha karatasi kabla ya kumrudishia Obonyo, kisha akampa na sukari yake aondoke nayo.

Alasiri Munirah aliomba ruhusa kazini. Tulishuka sokoni Nakivubo tukanunua majembe mawili na kitambaa cheupe cha sanda. Mwenye duka alituuliza ni kwa marehemu mmoja.

"Kumi na mmoja," alisema Munirah. "Na basi la kaskazini linaondoka saa kumi na mbili jioni, tafadhali kata upesi."